Mwaka Tulipopiga Kambi Mtoni

Masika yaliyopita nilisimama sokoni Morogoro nikisubiri mvua ipungue. Lori la kabichi kutoka Mgeta likaegeshwa karibu yangu, na vijana wawili wakapanda juu kuondoa turubai lililofunika mzigo. Lilikuwa turubai la kizamani, la pamba nzito, si hili la nailoni la bluu tunaloliona kila mahali siku hizi. Walipolikunja likiwa limelowa, harufu yake ikanifikia: nta, vumbi, mafuta ya mashine, na kitu kingine kama unga uliovunda. Nikashindwa kuondoka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu aliniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia hapana, nasubiri mvua ikatike. Mvua ilikuwa imeshakatika.

Tuliokulia Morogoro katika rika langu, na hasa tuliozaliwa kwenye kota za viwanda, harufu hiyo tunaijua. Baba zetu walirudi nayo nyumbani kila jioni. Baba yangu alitoka Kondoa akiwa kijana, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kisha akaajiriwa kuwa fundi wa mitambo ya kufumia kwenye kiwanda cha turubai. Mama alitoka Newala. Tulikuwa na vyumba viwili na bomba la maji nje. Dada yangu Salma alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la saba. Mimi nilikuwa na tisa. Na mdogo wetu Idi alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutamka majina yetu.

Kila mwaka kiwanda kiliwapeleka wafanyakazi na familia zao kwenye eneo la mapumziko la serikali, juu ya mji, pale milima ya Uluguru inapoanza kupanda na mto bado una maji safi. Palikuwa na meza na viti vya saruji chini ya miti, kibanda cha bati, na kibao kilichosema usikate miti, usifue mtoni. Watu walipika pilau, wakavuta kamba, watoto wakaoga kwenye kidimbwi kilichokuwa baridi kiasi cha kukufanya usahau kupumua. Nilikwenda huko mara mbili, nikiwa mdogo, na kwa akili yangu hapakuwa na mahali pazuri zaidi duniani.

Halafu zikaja zile siku ambazo kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za manukato, mitumba, redio za kaseti, na hayo maturubai ya bluu, mepesi na rahisi, kutoka nje. Sikuona uhusiano wowote kati ya vitu hivyo na sisi. Nilifurahia sabuni. Kisha neno jipya likaingia kwenye kota zetu: kupunguzwa. Fundi umeme amepunguzwa. Baba wa nyumba ya tatu amepunguzwa. Jioni moja nikamsikia Mama akimwambia jirani kwa sauti ya chini, "Na wangu kapunguzwa."

Kwa siku kadhaa nilimchunguza Baba kila alipovua shati, nikitafuta mahali walipompunguza. Nilidhani ni kitu wanachokukata. Sikuona jeraha. Lakini ni kweli alikuwa akipungua. Mkanda wake ulifika tundu la mwisho, akatoboa jingine kwa msumari wa moto.

Siku ya mwisho ya kazi, mafundi walipewa kila mmoja kipande cha turubai lenye kasoro, lenye mhuri wa kiwanda kwenye pindo. Baba akakaa nalo uani, akalishona kwa shazia na uzi wa katani mpaka likawa hema. Nilimshikia pembe. Lilipokamilika akatuita wote, akatukalisha mkekani.

"Tunakwenda kupiga kambi," alisema. "Kule mtoni."

"Sote?" niliuliza.

"Sote."

"Siku ngapi?"

Akamtazama Salma kwanza. "Mpaka dada yako afanye mtihani."

Nikaruka. Idi aliponiona naruka, naye akaruka. Mama alikuwa ametupa mgongo, anafunga vyombo kwenye kanga. Kesho yake mkokoteni ulikuja kuchukua vitanda na kabati. Niliuliza vinakwenda wapi, Baba akasema nyumba inataka kupakwa rangi. Niliona ni jambo la busara sana: nyumba inapakwa rangi, na sisi tunakwenda kupumzika.

Eneo lile lilikuwa na mlinzi, jina lake Mkude, Mluguru wa Mgeta, mwembamba, mwenye buti za mpira zilizomzidi miguu. Alimfahamu Baba tangu zile sherehe za kiwanda. Walisimama kando wakazungumza kwa muda mrefu, kisha Mkude akatuonyesha mahali juu ya mto, nyuma ya kichaka cha mianzi, ambapo wageni hawakufika. Baba alimlipa kwa kazi. Kila asubuhi alifyeka nyasi na kusafisha njia, akazibua mifereji, mpaka eneo likapendeza kuliko lilivyowahi kuwa.

Baba alitupangia sheria kama za JKT. Moto uwashwe alfajiri tu, kabla moshi haujaonekana. Sare za shule zisifuliwe mtoni. Jumapili, siku ya wageni, hema lishushwe mapema na kufichwa, nasi tukae kimya juu mlimani mpaka magari yaondoke. Hilo aliliita zoezi. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mtu asiambiwe. "Askari hatangazi kambi yake ilipo," aliniambia, akiwa amechuchumaa ili macho yetu yalingane. "Hata shuleni. Hata rafiki yako. Umesikia, Mwaju?"

"Nimesikia, Baba."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu kwangu, na hilo sitalificha. Niliamka nikisikia mto. Nilijifunza kukamata kaa wadogo chini ya mawe. Kwenda shuleni Mwembesongo ilikuwa mwendo wa saa nzima kuteremka, na Salma alinishika mkono njia nzima huku akinisomea majedwali ya kuzidisha. Alasiri alikaa kwenye kiti cha saruji na madaftari yake, na karatasi zilipokwisha alifanya hesabu kwa mkaa juu ya mawe ya mtoni, akimaliza anayaosha. Hakuoga kidimbwini hata siku moja. Nilimwona ana maringo. Nikamuuliza mbona yeye hafurahii kambi. Akaniambia, "Furahi wewe kwa ajili yetu wote," akaendelea kuandika. Nami nikalichukua kuwa jukumu.

Mama alikuwa hali vizuri. Alitugawia ugali na mchicha, kisha akasema ameshiba kwa harufu ya jiko. Idi alianza kukohoa, mbu walikuwa wengi, na turubai lilipolowa umande lilinuka mpaka kwenye nywele zetu. Darasani msichana aliyekaa nyuma yangu aliomba ahamishwe. Sikujua ni kwa sababu yangu.

Alasiri moja Salma alibaki shuleni kwa masomo ya ziada, nami nikapita kwenye kota zetu kuona rangi. Nyumba ilikuwa imepakwa kijani, milango myeupe, na madirishani pamewekwa mapazia ya maua. Nilisimama pale nimejaa fahari. Nilipanda mlima mbio, nikamkuta Mama anachambua mchele.

"Mama, nimeona. Umetuwekea mapazia mapya."

Mama aliendelea kuchambua. Vidole vyake havikusimama, ila nikaona anatupa mchele na kuacha mawe. "Ni mazuri?" aliniuliza mwishowe.

"Mazuri sana. Ya maua."

"Haya. Usimwambie baba yako. Tumwache ayaone mwenyewe."

Ilinichukua miaka kuielewa jioni ile. Mwenye kiwanda mpya alikuwa ametaka nyumba ziachwe wazi. Tungeweza kwenda Kondoa siku hiyohiyo, lakini mtihani wa darasa la saba unafanyiwa pale ulipoandikishwa, na Salma alikuwa wa kwanza shuleni. Baba alikataa kumwondoa. Alikuwa ameshapiga hodi kwa watu wawili au watatu, nao wenyewe walikuwa wamepunguzwa. Wiki tatu, alimwambia Mama. Kiangazi hakina mvua. Wiki tatu tutavumilia.

Tuliharibikiwa Jumapili ya mwisho. Mtihani ulikuwa Jumatano. Asubuhi tulifanya zoezi kama kawaida, hema likafichwa kwenye mianzi, sisi tukajikunyata juu ya jabali. Yakaja magari mawili. Katika la pili akashuka Grace, tuliyesoma naye darasa moja, amevaa gauni la njano, na baba yake ambaye alikuwa mkubwa katika ofisi iliyosimamia eneo hilo. Nilimwona Grace akichovya vidole vya miguu kwenye maji na kurudi nyuma kwa woga. Hakujua mahali pa kukanyaga. Mimi nilijua kila jiwe. Mama alikuwa anambembeleza Idi, Salma ameinamia daftari, nami nikateleza nikashuka jabalini kabla hawajageuka.

Nilimfundisha Grace kukamata kaa. Aliponiuliza nimekuja na gari gani, nikacheka, nikamwambia sisi hatukuja leo, sisi tuna kambi. Hakuamini. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye mianzi, nikamfunulia hema. Nilikuwa sijawahi kuwa na kitu ambacho Grace hana.

Baba yake alitufuata. Alitazama turubai, sufuria, na sare zetu za shule zilizokunjwa juu ya kikapu. Wakati huo Baba naye alikuwa ameshateremka.

"Habari za leo, bwana," akasema baba yake Grace. Hakuwa mkali.

"Nzuri, mkuu. Tunapumzika tu na watoto."

"Mmekuja leo?"

"Leo asubuhi."

Nilidhani Baba amesahau. "Hapana, Baba," nikamsahihisha, "tuna wiki tatu karibu. Na tutakaa mpaka Dada Salma afanye mtihani."

Mto ulikuwa ukivuma. Baba aliniwekea mkono kichwani, ukawa mzito, kisha akauondoa. Baba yake Grace akamwita Mkude, na Mkude akaja mbio, buti zikimpwaya. "Nilikuamini, Mkude," aliambiwa, basi. Salma alikuwa amesimama juu ya jabali akitutazama. Sura yake ndiyo iliyonionyesha kwamba nimefanya jambo. Sikujua jambo gani.

Jumatatu asubuhi ilikuja Land Rover na mgambo wawili. Waling'oa vigingi, wakatandaza hema chini, na mmoja akauona mhuri wa kiwanda kwenye pindo. Akamuuliza Baba risiti iko wapi. Baba akasema tulipewa siku ya mwisho wa kazi. Karatasi je? Hakuna aliyepewa karatasi. Mgambo yule akasema maturubai mengi yameibwa kiwandani, maelezo atayatoa kituoni. Baba hakubishana. Alimgeukia Mama, akamwambia kama mtu anayeagiza chumvi, "Salma asikose mtihani." Wakampandisha garini pamoja na hema.

Mkude, ambaye hakuwa na kazi tena, ndiye aliyetuchukua. Alitupeleka Mwembesongo kwenye nyumba ya mama yake, tukapewa nafasi barazani. Hakutulaumu, wala mama yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," na nadhani hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa siku mbili. Nilikuwa nimeamua kutosema tena. Mama alinipa chakula, nikapokea kimya. Salma alinichana nywele akaniambia, "Hukukusudia."

Jumatano Salma alivaa sare iliyokuwa bado inanuka turubai, akaondoka mapema. Mama alikwenda kumtafuta yeyote aliyekuwa mkubwa kiwandani zamani, aandike barua ya kumtoa Baba. Bibi na Mkude walikuwa wamekwenda shamba. Nikabaki mimi na Idi, aliyekuwa na homa tangu usiku. "Ukiona imezidi," Mama aliniambia, "mpeleke kwa Mama Asha hapo uani." Mama Asha alikuwa mpangaji.

Jua lilipopanda, Idi aliacha kulia. Nikafurahi. Kisha macho yake yakageuka juu, mikono ikakakamaa, mwili mzima ukaanza kutikisika kama kuna mtu anayemshika mabegani. Nikambeba hadi kwa Mama Asha. Alimtazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo degedege," alisema. "Msimpeleke hospitali. Wakimchoma sindano huyo haponi. Kaa hapa nikamwite mtu wa kumfukiza."

Alikuwa mtu mwema na aliamini alichosema. Wengi waliamini hivyo wakati ule. Lakini nilikuwa nimeona jirani yetu wa kota akifukiziwa mtoto wake, na nilimwona mtoto huyo akitolewa ndani amefunikwa. Mama Asha alipogeuka, nikamfunga Idi mgongoni kwa kanga, nikatoka mbio. Sikujua Mama yuko wapi. Hospitali sikuijua njia yake. Mtu pekee niliyejua alipo ni Salma.

Shule ilikuwa kimya kama msikiti kabla ya watu kufika. Polisi aliyelinda mtihani aliniona getini, akanyoosha mkono. Nikapita chini yake. Nilizunguka darasa la saba upande wa madirisha, na pale, safu ya tatu, nikamwona dada yangu ameinama, kalamu yake inakwenda. Sikuwa nimetoa sauti tangu Jumatatu. Nikadhani haitatoka.

"Dada Salma," nikasema. "Idi anakufa."

Aliinua kichwa, akasimama. Msimamizi, mwalimu wa shule nyingine, akaja haraka dirishani, kisha akamgeukia yeye. "Binti, kaa chini. Ukitoka nje ya chumba hiki hurudi. Unanielewa?"

"Naelewa, mwalimu," Salma akasema. Aliifunika karatasi yake kifudifudi, akaweka kalamu juu yake, akaisawazisha ili isianguke. Halafu akatoka. Alinifungua kanga bila kuniuliza kitu, akamlaza Idi begani, na tukakimbia hadi hospitali ya mkoa, yeye mbele, mimi nyuma nikiwa nimeshika viatu vyake.

Walimchoma kwinini. Hakufa. Sikio lake la kushoto halikusikia tena tangu siku hiyo, na mpaka leo ukitaka kuzungumza naye lazima ukae upande wa kulia.

Mama alipofika wodini, jua limeelekea kutua, alimwona Salma ameketi kando ya kitanda na sare yake, akaelewa bila kuambiwa. Alikaa sakafuni. Akavua kilemba, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani, akakikunja tena.

Baba aliachiwa Ijumaa, barua ilipopatikana. Turubai halikurudishwa. Alikuja moja kwa moja hospitali, ndevu zimeota, akauliza, "Mtihani ulikuwaje?" Salma akamjibu, "Nilimaliza mapema, Baba." Sidhani kama Baba alimwamini, lakini hakuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine. Mkude alitusindikiza kwenye basi la Dodoma. Nilisikia baadaye kwamba alirudi Mgeta kwa miguu na hakuajiriwa tena.

Kondoa tulilima. Baba alikuwa mkulima mbaya. Mikono yake ilizoea vyuma. Hakunipiga kwa yale niliyoyasema mtoni, wala hakunikemea, na mtu asiyetujua angesema alinipenda kuliko wengine. Lakini hakuniambia siri nyingine maisha yake yote. Hata ugonjwa wake wa mwisho niliusikia kwa majirani.

Mimi ndiye niliyesoma. Nilifaulu darasa la saba, nikaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu. Salma aliolewa akiwa na miaka kumi na saba. Nilipomaliza chuo nilisafiri kwenda kwake, nikiwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilimkuta uani anapepeta mtama, mtoto wake mdogo amelala kivulini. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

"Ya nini?"

"Ya ule mtihani. Ya kambi. Ya kukutoa darasani."

Aliendelea kupepeta. "Ningemwacha Idi?" aliuliza. Hakusubiri nijibu. Ungo ulipanda na kushuka mara kadhaa, makapi yakiruka upande wake.

"Nilikuwa swali la thelathini na moja," alisema. "Kuna tangi, na mabomba mawili. Moja linalijaza kwa saa mbili, jingine linalimwaga kwa saa tatu. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi."

"Bado unalikumbuka?"

"Sita," Salma alisema. "Nilikuwa nimeshalipata. Nilikuwa sijaandika tu."

Kisha akaniambia nisogeze mguu, nimekanyaga mtama.